Leo Imepikwa kwa Nani

Katika vijiji vya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Uru, Kilema na Marangu, kuna nyumba ambazo asubuhi huwezi kuzitofautisha na za jirani. Mbele pana uwanja uliofagiliwa, ubavuni pana banda la ng'ombe anayelishwa ndani, nyuma migomba imeifunika mikahawa. Ikifika saa tisa alasiri mabenchi hutolewa nje, makopo ya plastiki yaliyooshwa hupangwa mezani, na watu huanza kuingia. Hodi hupigwa kwa desturi tu, maana mguu umeshavuka. Anaingia mkulima aliyetoka kukata majani ya ng'ombe, fundi seremala, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kitongoji, kijana wa bodaboda, bibi aliyemaliza kuuza parachichi sokoni. Wamekuja kunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na kabla jua halijazama watakuwa wamezisikia habari zote za kijiji na kuzitolea uamuzi nusu yake.

Nazungumzia vilabu vya nyumbani, vile vya familia, wala si baa ya barabarani yenye muziki na friji. Hapa mwenye nyumba ndiye mpishi, ndiye mhudumu, ndiye mshika fedha, na mara nyingi ni mama. Mume hutoa mikungu ya ndizi kihambani, yaani shambani mwa familia, vijana hupasua kuni, mkwe hushughulikia maji, wajukuu wakirudi shule hukusanya makopo matupu. Haajiriwi mtu. Pombe ikiuzika, ada ya shule imepatikana. Wachagga wengi wa mlima huu waliosoma wakafika mbali watakuambia bila kuficha kwamba kalamu zao zilinunuliwa na mbege ya mama.

Watu husifu ukarimu wa nyumba hizi, mazungumzo yake, vicheko vyake. Mimi huanza kusifu jikoni, kwa sababu naamini mkusanyiko ule wote umetokana na tabia ya kinywaji chenyewe. Mbege hutengenezwa kwa zaidi ya wiki nzima, kisha ikishakuwa tayari ni ya siku ile. Kesho yake imezidi uchachu, keshokutwa hainyweki na mtu anayejiheshimu. Huwezi kuinunua ukaiweka kabatini ukainywa peke yako mwezi ujao. Pipa likiwa tayari linataka watu wengi, mahali pamoja, mchana mmoja. Ndiyo maana swali la kwanza wanaloulizana wanaume wanapokutana njiani saa nane mchana ni hili: leo imepikwa kwa nani? Jibu ndilo linaloamua kijiji kitakaa wapi jioni ile. Leo ni kwa mama wa juu karibu na shule, kesho ni kwa jirani wa bondeni, keshokutwa ni kwa yule wa njia panda. Kwa kuwa nyumba moja haiwezi kupika kila siku, zamu huzunguka, na baraza la kijiji huzunguka nayo.

Kazi inaanzia kwenye ndizi. Mkungu hukatwa umekomaa, bado kijani, ukafunikwa kwa majani makavu ya migomba au ukapandishwa darini juu ya moto, ukaachwa uive polepole. Mpishi wa mbege hatafuti ndizi ya njano nzuri ya kupangwa sokoni. Anataka iliyolegea, iliyoanza madoa meusi, ambayo ukifungua mlango wa ghala harufu yake inakupokea kabla hujaiona. Ndizi ambayo haijaiva sawasawa bado imeshika wanga, na wanga hautatoa utamu hata ukiichemsha mchana kutwa. Kwa hiyo mpishi huminya. Anapita kwenye mikungu akiminya ndizi moja moja kwa kidole gumba, na ile isiyokubali hubaki mpaka kesho.

Zikishamenywa, ndizi huingia kwenye sufuria kubwa pamoja na maji, na moto huwashwa kwa kuni za matawi ya mikahawa iliyopogolewa na migrivea inayopandwa mipakani. Huchemka saa nyingi. Hapa ndipo mgeni huchoka na kwenda kutembea, na hapa ndipo mpishi haondoki. Anakoroga kwa mwiko mrefu unaomfika kifuani, kwa sababu uji wa ndizi ukishika chini umeungua, na ladha ya moshi wa kuungua haitoki tena hata ufanyeje. Rangi hubadilika polepole kutoka njano hafifu hadi kahawia yenye wekundu. Mpishi haangalii saa, anaangalia wekundu ule.

Hapo mbege inatengana na ndugu zake. Wahaya wa Kagera wana rubisi, Rwanda na Burundi wana urwagwa, Kivu wana kasiksi, na zote ni pombe za ndizi zenye heshima kwao. Lakini huko ndizi mbivu hazipikwi. Hukandwa au kukanyagwa pamoja na nyasi hadi zitoe juisi, kisha juisi hiyo huchanganywa na mtama. Mlimani Kilimanjaro wamechagua njia ndefu zaidi, ya moto na kuni na mkono usiochoka. Sina sababu ya kuishusha rubisi, ni kinywaji kizuri. Hata hivyo naona kwamba moto ule wa saa nyingi ndio unaoipa mbege uzito na rangi yake, na ndio unaomfunga mpishi nyumbani kutwa nzima huku majirani wakipita kumsaidia kukoroga. Mazungumzo ya kilabu huanza pale jikoni, siku nyingi kabla kopo la kwanza halijajazwa.

Uji ule ukipoa humiminwa kwenye pipa, ukafunikwa na kuachwa siku kadhaa. Sasa huitwa nyonyi. Hamira haiongezwi. Iliyo hewani, kwenye mapipa na kwenye vyombo vya nyumba ile inatosha, na hii ni sababu mojawapo ya kila nyumba kuwa na ladha yake. Nimewahi kumtazama mama mmoja wa Uru akifunua pipa la nyonyi. Hakuonja kwanza. Aliinamisha kichwa, akategesha sikio juu ya povu la kahawia, akatulia. Ukisogea karibu ungesikia mlio mdogo wa mapovu yanayopasuka mfululizo, kama mvua nyepesi juu ya jani la mgomba. Baadaye akachovya kidole, akalamba, akafunika tena. Aliniambia bado inaongea, na kwamba ataichuja ikinyamaza. Alikuwa na mapipa mawili, na alijua lipi limetangulia bila kuangalia alama yoyote.

Upande wa pili ni ulezi, na hapa ustadi ni mkubwa zaidi ingawa hauonekani. Ulezi huloweshwa, ukachujwa maji, ukatandazwa na kufunikwa kwa majani ya migomba au magunia mabichi ili uote. Baada ya siku mbili tatu punje zimetoa vijizizi vyeupe, zimeshikana kama mkeka. Kuota huko kunaamsha vimeng'enya ndani ya punje, navyo huanza kuuvunja wanga kuwa sukari. Mpishi wa mbege hakusoma kemia ya jambo hilo, lakini anajua siku ya kusimamisha. Akiwahi, ulezi ni unga tu. Akichelewa, mmea mchanga umekula utamu ambao ulipaswa kwenda kwenye pipa. Hunyanyua konzi, huifungua, huangalia urefu wa vijizizi, na hapo hapo huamua kama leo ni siku ya kuanika juani. Mawingu ya mlimani hayana huruma na mwenye kimea kibichi. Kikikaa kwenye unyevu kinaota ukungu, na kimea chenye ukungu hutupwa chote. Nimeona kimea kikianikwa na kuanuliwa mara nyingi katika mchana mmoja wa Aprili, mama na mabinti wakikimbia na magunia kila wingu likishuka, bila mtu kulalamika.

Kimea kikikauka husagwa, na unga wake hupikwa uji unaoitwa mso. Wakati huo nyonyi imeongezwa maji na kuchujwa, makapi yametengwa. Mso na maji ya ndizi hukutanishwa, na jambo la kuangalia hapa ni joto. Uji wa moto ukimiminwa juu ya nyonyi unaua hamira yote iliyolelewa kwa siku nyingi, na kesho yake utakuwa na uji mtamu uliolala. Ukiwa baridi sana, mchanganyiko unachelewa kuamka, na wateja watafika kabla ya pombe. Mpishi huweka kiganja ubavuni mwa sufuria, akakiacha hapo kwa muda. Hakuna kipimajoto katika nyumba yoyote ya mbege niliyoingia. Kiganja kinatosha kwa mwenye kiganja hicho.

Kisha msesewe. Ni mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, hupenda kumea kando ya vijito, na gome lake ni chungu sana. Kipande chake kikiingia kwenye mbege kinaikata ile sukari ya ndizi na kuipa uchungu wa kukaa kooni. Hapa ndipo wapishi wanapotengana. Msesewe ukipungua unakunywa juisi nzito ya ndizi, ukizidi unakunywa dawa. Katikati kuna nafasi pana ya kutosha kwa kila mwanamke kuweka saini yake, na wanywaji huzisoma saini hizo. Mzee wa kijiji ukimpa kopo amefumba macho atakuambia hii ni ya kwa nani, na atakuambia pia kama aliyepima leo ni mama mwenyewe au mkwe wake.

Mchanganyiko hulala usiku mmoja. Kesho yake mchana mbege imeiva: nzito, ya kahawia, na pumba za ulezi zikielea juu. Mwenye kuijua hupuliza kidogo kwenye ukingo wa chombo kuzisogeza, ndipo anapopeleka mdomo. Kwanza utamu, halafu uchachu, mwisho uchungu wa msesewe, na nyuma ya yote ladha ya udongo ya ulezi. Nguvu yake ni ya kiasi, wala haikaribii gongo. Mtu anaweza kukaa nayo alasiri yote akazungumza kwa akili, akala ndizi za kuchoma au bakuli la mtori, akarudi nyumbani kwa miguu yake kukamua ng'ombe. Mazungumzo marefu yanataka kinywaji cha namna hiyo.

Zamani ilinywewa kwa kata, kibuyu kilichokatwa na kusuguliwa hadi kung'aa, na kwenye sherehe za heshima kata bado hutolewa. Kilabuni kopo la plastiki la lita moja limeshika nafasi yake. Kata ni nzuri zaidi na natamani zingebaki. Lakini desturi yenyewe imehamia kwenye plastiki bila kuharibika. Mwenye pombe huonja kwanza, mbele ya macho ya mnywaji, kuonyesha kwamba ndani hamna baya. Kisha chombo kinakwenda kwa mkubwa wa umri. Na hakikai kwa mtu mmoja. Aliyelipa hunywa, akampa aliye karibu naye, naye akampa wa tatu, kikarudi. Asiye na senti leo hakai pembeni akitazama. Anakunywa kwenye kopo la jirani, na siku atakayouza maziwa au kahawa kopo litaanzia kwake. Nimeshuhudia kopo likipita kutoka kwa mwalimu mkuu kwenda kwa kibarua aliyetoka kulima kwa watu, wote wawili wakibishana juu ya bei ya mbolea kana kwamba wana shamba moja. Sijui mahali pengine kijijini ambapo wawili hao wangekaa benchi moja kwa saa nzima.

Mwenye nyumba wakati huo anazunguka na jagi, na ukimwangalia kwa makini utaona kwamba kazi yake ya pili ni nzito kuliko ya kupika. Anajua nani amegombana na nani juu ya mpaka, hivyo hawakalishi pamoja mpaka mtu wa kuwapatanisha awe amefika. Anajua nani amefiwa, humletea kopo bila kumdai. Ana daftari la shule lenye madeni, na hulifungua faragha, kamwe si mbele za watu. Na anajua kiasi cha kila mtu. Mzee akianza kurudia hadithi ile ile mara ya tatu, mama huchukua kopo lake taratibu na kusema, "Meku, ya leo imetosha. Chakula kinakungoja nyumbani." Mzee ananung'unika, anatafuta fimbo yake, anainuka. Mhudumu wa baa ya mjini hawezi kusema hivyo, kwa sababu hamjui mzee, wala mke wake, wala hatakutana naye keshokutwa kanisani. Mama wa kilabu atakutana naye.

Wachagga wa zamani hawakuona tofauti kubwa kati ya mahali pa pombe na mahali pa shauri. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kukaa huko kwa miaka mingi, aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga, kikachapishwa mwaka 1926, na pombe imo katika habari zake za ndoa, za fidia na za mashauri. Anayeposa alipeleka mbege. Aliyemkosea mwenzake alipeleka jani la isale kuomba msamaha, jani ambalo ni vigumu sana kulikataa, na baada ya jani ikafuata pombe ili wakosani wanywe pamoja mbele ya mashahidi. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti wake mlimani mwishoni mwa miaka ya 1960, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi ukoo na ujirani ulivyoendelea kuamua mambo mengi ambayo hayakufika kabisa mahakamani, hata baada ya serikali na mahakama zake kubadilika mara kadhaa. Mwenye kukaa kilabuni alasiri moja hashangazwi na hilo. Mbuzi amekata kamba akala maharage ya jirani. Mtoto wa fulani amekata mti wa mpakani. Mambo kama hayo hufunguliwa kopo la pili, hujadiliwa na watu wote, na hufungwa kabla pipa halijaisha. Mdaiwa akikubali kosa hununua kopo, mdai hunywa, na walioko ni mashahidi.

Mifereji ya maji, ile inayoitwa mifongo, ambayo kwa vizazi vingi imeshusha maji kutoka mitoni hadi mashambani, nayo ina deni kwa mbege. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfongo, wanaume walishinda ndani ya matope, na jioni pombe iliwangoja. Aliyekosa kazi bila sababu alilipa faini, na faini ilijulikana. Zamu za maji zilipangwa hapo hapo, mbele ya kila mwenye shamba, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai hakusikia. Kahawa ilipokuwa fedha ya mlima, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925 na baadaye, mwaka 1933, ushirika mkubwa wa KNCU, bei na malipo vilijadiliwa kwenye mabenchi haya haya kwa ukali kuliko ofisini. Leo huzungumzwa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, michango ya msiba, nani anarudi Desemba kutoka Dar es Salaam au Nairobi, na nani amesema atarudi miaka mitano sasa lakini haonekani. Mkutano wa hadhara wa kijiji una ajenda na muhtasari. Lakini yanayosomwa pale, wengi walishayasikia kwa mama mpika mbege.

Siwezi kuandika juu ya pombe nikaacha madhara yake. Ulevi umevunja nyumba mlimani kama ulivyovunja kwingine, na makanisa yaliyoukemea tangu siku za wamisionari yalikuwa na sababu. Lakini ukitazama ni pombe ipi imewaangusha vijana zaidi, utakuta ni gongo na zile pombe kali za pakiti za plastiki zilizoitwa viroba, zilizouzwa kila duka kwa bei ya pipi mpaka serikali ilipozipiga marufuku mwezi Machi 2017. Kiroba kilinywewa njiani, peke yake, kwa dakika moja, na aliyekiuza hakujali kilikwenda wapi. Mbege haiwezi kunywewa hivyo. Kiasi chake, uzito wake, kopo linalozunguka na mama anayetazama, vyote vinamchelewesha mnywaji na kumweka mbele ya macho ya watu wanaomjua. Hiyo ni kinga ambayo haijawahi kuandikwa kwenye kibandiko cha chupa yoyote.

Kinachozitisha nyumba hizi hasa ni gharama. Ulezi uliokuwa ukilimwa mlimani sasa mwingi hununuliwa sokoni, mwingine umesafiri kutoka mikoa ya mbali kama Rukwa, na bei yake ikipanda wapo wanaopunguza kimea na kujazia sukari. Pombe inatoka, watu wanakunywa, lakini kichwa cha kesho yake kinasema ukweli. Kuni nazo zimekuwa adimu, na moto wa saa nyingi unazila sana. Vijana wanataka bia ya chupa kwa sababu chupa inaonekana. Mabinti waliosoma kwa fedha ya mbege hawana nafasi ya kukaa na mama jikoni wiki nzima wakingoja nyonyi inyamaze. Siwalaumu. Mama zao waliwasomesha ili wawe na kazi nyingine.

Lakini kupotea kwa kilabu kunavuta vingine. Mwaka 2011 shirika la FAO liliitambua Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia, kwa ajili ya mfumo wa kihamba: mgomba, mkahawa, miti mirefu, mboga na mifugo katika shamba moja la familia. Wageni wanakuja na kupiga picha za migomba. Wachache huuliza migomba ile yote inakwenda wapi. Sehemu kubwa huliwa, nyingine huuzwa, na nyingine huingia kwenye pipa. Maganda ya ndizi za mbege hulisha ng'ombe, machicha hupewa nguruwe na kuku, samadi yao hurudi kwenye shina la mgomba. Ukiondoa pipa katikati ya mzunguko huo, baadhi ya migomba inapoteza kazi yake, na mwenye shamba ataanza kufikiria kuing'oa apande nyanya za kuuza mjini. Anayetaka kuhifadhi kihamba na asitake kusikia habari za mbege hajaelewa kihamba.

Na ndani ya pipa kuna elimu ambayo haikai kitabuni. Wekundu wa uji wa ndizi, urefu wa vijizizi vya ulezi, joto la ubavu wa sufuria, ukimya wa nyonyi, kiasi cha msesewe: vyote hivi vimeshikwa kwa macho, sikio na kiganja cha mwanamke mmoja, aliyevipata kwa mwanamke mwingine. Watafiti wameeleza hatua za kupika mbege vizuri na naheshimu kazi yao. Hatua zinaandikika. Kipimo cha nyumba hakiandikiki kirahisi, na kilabu bila kipimo chake ni benchi na kopo.

Kwa hiyo wewe ambaye mama au bibi yako bado anapika, ukirudi nyumbani Desemba hii usikae uwanjani na wageni siku zote. Ingia jikoni siku ya kuanika kimea. Mwombe akuonyeshe vijizizi vinavyofaa na vilivyopitiliza, umshikie mwiko, na siku ya msesewe usimame karibu naye uangalie kiasi kinachobaki mkononi mwake, maana hicho ndicho kipimo. Na wewe ambaye si wa mlimani lakini umefika Uru, Kibosho au Marangu, muulize mtu yeyote leo imepikwa kwa nani, ufike mapema, ununue kopo la kwanza, unywe kidogo na umpe aliye kulia kwako. Mama akikuambia ya leo imetosha, mshukuru na uinuke.